Maswali Tunayoulizwa Kila Mara Kuhusu Kikundi Chetu cha Akina Mama wa Kujitolea, Mombasa

Maswali haya tumeyaokota kwenye foleni ya feri, harusini, marikiti, na mengine yalitujia kwa simu saa tano za usiku. Kuna yaliyoulizwa kwa adabu na kuna yaliyoulizwa kwa kebehi. Yote tumeyajibu. Pale jibu lilipokwisha kutolewa kwingine tumeandika namba ya swali tu, maana kurudia jambo mara tatu kunamchosha msemaji na msikilizaji.

## Sisi ni nani

1. Nyinyi ni akina nani hasa?

Ni wanawake wa mitaa ya Mombasa tunaotoa muda wetu bila mshahara kwa ajili ya majirani. Wapo wauza mahamri, mafundi cherehani, walimu, wauguzi waliostaafu, mama wa nyumbani na wanafunzi wa chuo. Kaunti ina kaunti ndogo sita, yaani Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe na Jomvu, na kila moja ina wenzetu, ingawa Likoni na Kisauni ndiko tuliko wengi zaidi. Ofisi hatuna. Tunakutana barazani kwa mwenzetu, na mvua ikinyesha tunaingia ndani tukabanana.

2. Mbona wanawake peke yao?

Kwa sababu kuna milango ambayo mwanamume hapiti. Mjane aliye edani, miezi minne na siku kumi, nani atamwingilia ndani amuulize kama ana unga? Mzazi wa siku tatu ambaye maziwa hayatoki, binti aliyechafuka shuleni akakimbilia nyumbani, bibi anayehitaji kuogeshwa: hizo ni kazi za mkono wa mwanamke, na huku kwetu zimekuwa hivyo tangu zamani.

Wala hatukuanza sisi. Bibi zetu walikuwa na vyama vya lelemama, ngoma ya wanawake. Ibinaal Watan na Banu Saada vilishindana kwa nyimbo na sare mpaka mji ukagawanyika. Watu wanaikumbuka ngoma, lakini nyuma ya ngoma kulikuwa na wanawake waliochangiana na kusaidiana katika harusi na matanga. Mwaka 1952 kikaanzishwa Maendeleo ya Wanawake kwa nchi nzima. Sisi tumekuja juzi juzi, na cha kujivunia ni kwamba ugomvi wa sare hatuna.

3. Kwa hiyo ni chama cha mchezo?

Hapana. Kwenye mchezo unatoa ukijua zamu yako ya kupokea itafika. Hapa unatoa, basi. Wanachama wengi wana michezo yao kando na hilo halituhusu, ila pesa za mchezo hazichanganywi na za kikundi hata kwa siku moja.

4. Ni kikundi cha Waislamu?

Wengi wetu ni Waislamu kwa sababu ya mitaa tunakotoka, lakini wapo Wakristo, na anayesaidiwa hatumuulizi dini, kabila wala kwao ni wapi. Tofauti huonekana zaidi kwenye misiba (tazama swali la 13).

## Kujiunga

5. Nikitaka kujiunga nifanye nini?

Njoo mkutanoni, kila Jumamosi saa kumi jioni, ukae usikilize. Usijaze chochote siku hiyo. Ukirudi mara ya pili tutakupa mwenzako mkongwe utembee naye kwa mwezi mmoja. Baada ya hapo wewe mwenyewe utajua kama kazi hii ni yako, na sisi pia tutajua. Tunachokiangalia ni kimoja tu: uliyoyaona ndani ya nyumba ya mtu yanabaki huko au yanatoka nawe? Kupika utafundishwa. Kufunga mdomo, hapana.

6. Kuna malipo? Nauli je?

Malipo hakuna. Nauli hurudishwa kwa wanaotumwa mbali na kwao. Feri ya Likoni haimtozi chochote anayevuka kwa miguu, kwa hiyo usituletee hesabu ya feri, tumewahi kuletewa. Tuktuk tunailipa ukiwa umebeba mzigo au kumekuchwa.

7. Nina kazi ya kuajiriwa, au nina mtoto mchanga. Nitafaa?

Utafaa. Wapo wanaotoa saa mbili kwa mwezi. Mwenye mtoto mchanga hatumpeleki hospitali wala kwenye nyumba ya mgonjwa, lakini simu anaweza kupokea, na daftari anaweza kuandika huku ananyonyesha. Daftari letu safi kuliko yote liliandikwa hivyo.

8. Mimi ni mwanamume.

Karibu kwa kubeba magunia, kuendesha gari, kurekebisha bomba na kutengeneza meza. Kupiga kura mkutanoni na kuingia nyumbani kwa wanaosaidiwa ni kwa wanawake.

9. Mwanangu ana miaka 16, anataka kujitolea.

Mzazi aje naye mkutano wa kwanza. Aliye chini ya miaka 18 hufungasha, hupanga ghala na husomesha wadogo, akiwa na mtu mzima karibu. Kesi za dhuluma na wodi za wagonjwa tunamkinga nazo.

10. Mume wangu hapendi niwe huko.

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, na ni la kila mwezi. Hatuingilii nyumba ya mtu. Tulilolifanya mara nyingi ni kumwalika mume, au mama mkwe, aje aone tunapokaa na tunachofanya. Mara nyingi kinachowatia wasiwasi ni saa za kurudi kuliko kazi yenyewe, kwa hiyo asiyetakiwa nje baada ya magharibi tunampa kazi za asubuhi. Kama unazuiwa hata kwenda kwa mamako au hospitali, hilo si suala la kikundi tena: soma swali la 24 ujue pa kupiga simu.

## Kazi zenyewe

11. Mnafanya nini, hasa hasa?

Inategemea majira. Miezi ya masika, hasa Aprili na Mei, ni nyumba zilizoingia maji, magodoro na viroboto. Shule zikifunguliwa ni sare na viatu. Ramadhani ni futari. Mwaka mzima ni wazee, wazazi wapya na wagonjwa.

Kazi ambayo watu hawaidhanii ni kuongozana. Bi mkubwa hajui kusoma, ameambiwa aende dirisha la tatu, kisha la saba, kisha arudi kesho. Tunakwenda naye. Mfumo wa bima ya afya wa serikali, SHA, ulipochukua nafasi ya ule wa zamani wa NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, wiki nzima nzima zilipita tukikaa na wazee, simu ndogo ya vitufe, kabambe, mkononi, tukibonyeza *147# hatua kwa hatua. Tunawakumbusha pia wenye miaka 70 na zaidi kuhusu Inua Jamii, pesa za serikali kwa wazee, shilingi 2,000 kwa mwezi, kwani wapo waliokaa miaka bila kuandikishwa kwa sababu tu hakuna aliyewaambia. Kwa yale mengine ya wasichana, hatugawi pedi mitaani kwa mbwembwe. Sheria ya elimu ilirekebishwa mwaka 2017 ili serikali itoe taulo za hedhi bure kwa wasichana wa shule za umma. Zikichelewa tunaziba pengo kupitia mwalimu wa kike, na tunaendelea kuulizia zilipo.

12. Futari mnapikaje kwa watu wengi hivyo?

Kwa kupanga, na kwa ubishi mwingi. Hesabu yetu ni kilo moja ya mchele kwa watu saba ikiwa ni pilau. Wanaosema kumi wanapikia ndege. Mbaazi huloweshwa usiku. Nazi hukunwa siku hiyo hiyo, maana tui la jana kwa joto la Mombasa ni la kumwaga. Mahamri tunawanunulia akina mama wanaouza mtaani kwao, ili pesa ya sadaka ipite mkononi mwa mwenye shida ingine kabla haijafika tumboni.

Chakula hutoka jikoni kikiwa cha moto na hufika nyumbani kabla ya saa mbili kupita. Wali uliokaa vuguvugu unaumiza tumbo, na aliyefunga mchana kutwa hastahili kuhara usiku. Mifuko ya plastiki hatutumii, ilipigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017. Lete hotpoti au bakuli lenye mfuniko, na uliandike jina chini kwa rangi ya kucha. Ndiyo, rangi ya kucha. Kalamu hufutika kwa kuosha.

13. Msiba ukitokea mnasaidiaje?

Kwa Muislamu mazishi ni haraka, aghalabu siku hiyo hiyo, kwa hiyo simu ikilia alfajiri tunatoka alfajiri. Tunao wanawake waliofundishwa kuosha na kukafini maiti ya kike. Asiyefundishwa hupika, hutandika mikeka, huwakalia watoto. Sanda, pamba na kafuri huwa ghalani wakati wote, ili mfiwa asihangaike madukani.

Kwa jirani aliyetoka bara shida huwa nyingine: mwili unasafirishwa, siku zinapita, na gharama zinapanda kila siku iliyopita. Hapo kazi yetu ni kukaa na familia kila jioni, kupika chai, na kuandika michango waziwazi ili baadaye watu wasitiliane shaka.

14. Mnachangia damu?

Tunahamasisha na tunachangia. Mchangiaji awe na miaka 16 hadi 65 na kilo zisizopungua 50. Wanawake husubiri miezi minne kati ya mchango na mchango, wanaume mitatu. Mjamzito na anayenyonyesha hawatoi. Siku ya kutoa damu kunywa maji ya kutosha, ule, na ukimaliza usikimbilie kubeba ndoo. Walioanguka ni wale waliosema “mimi niko sawa”.

## Kuomba msaada

15. Nina shida. Naanzia wapi?

Mwambie mmoja wetu unayemwamini, au mtume mtoto aseme “mama anakuita”. Hiyo inatosha. Hatutaki barua, wala hatutaki usimame mbele ya mkutano ueleze njaa yako. Watu wawili watakuja kukuona, kama wageni wa kawaida, na mtazungumza juu ya mkeka wako.

16. Majirani watajua?

Hawatajua kupitia kwetu. Ukitaka kutufahamu kwa neno moja, neno lenyewe ni stara. Orodha ya majina inashikwa na watu wawili. Mkutanoni tunataja namba za nyumba tulizozipanga wenyewe. Mizigo hupelekwa jioni, kwenye vikapu vya kawaida vya sokoni, visivyo na maandishi, na kwenye nyumba iliyo uchochoroni tunapita kama tunaokwenda kutazama mgonjwa.

Picha za wanaopokea hatupigi. Watu wanatuambia tungepata wafadhili wengi kama tungepiga, na pengine ni kweli. Lakini mtoto aliyepigwa picha na paketi ya unga leo, kesho kutwa anaposa au anaposwa, na picha bado inazunguka. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, inayolinda habari na picha za mtu. Sisi tungefanya hivi hata bila sheria.

17. Mbona fulani alipewa na mimi sikupewa?

Hatuwezi kukujibu habari za fulani (swali la 16). Tunaweza kukueleza mpangilio: wanatangulia walio edani, waliojifungua ndani ya wiki sita zilizopita, wagonjwa wasioinuka, na nyumba zenye watoto zisizo na anayechuma. Kama umeangukia humo na hukufikiwa, tumekosea sisi. Rudi useme.

18. Mnatoa mikopo au karo?

Mikopo, la. Mkopo unageuza ujirani kuwa udai. Kwa mtaji wa biashara, vikundi vya wanawake vina Hazina ya Biashara za Wanawake, iliyoanzishwa 2007, na Hazina ya Uwezo, iliyozinduliwa 2013. Fomu tutakusaidia kujaza. Karo tunatoa kwa nadra, na hulipwa shuleni moja kwa moja.

## Pesa na vitu

19. Mmesajiliwa?

Ndiyo, kama kikundi cha kijamii, chini ya sheria ya kusajili vikundi vya jamii ya mwaka 2022. Sheria hiyo inataka wanachama wasiopungua kumi, na cheti kina uhai wa miaka miwili kisha huhuishwa. Ukitaka kuanzisha chenu, nendeni ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo yenu na katiba, kumbukumbu za mkutano wa kwanza na orodha ya wanachama. Katiba msiinakili ya watu wengine neno kwa neno. Kuna kikundi kilikuja kutuomba ushauri, kumbe kwa katiba yao walikuwa wafugaji wa kuku.

20. Nitajuaje pesa yangu hailiwi?

Michango huingia kwenye namba ya M-Pesa iliyo kwa jina la kikundi, kamwe si kwa simu ya mtu. Kutoa kunataka sahihi tatu: mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na watatu hao wasiwe wa nyumba moja. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi hesabu husomwa kwa sauti, hata ile ya kiberiti. Mtu yeyote aliyechangia anaruhusiwa kuja kusikiliza. Ukiombwa pesa na mtu barabarani mwenye kopo anayesema ni wetu, si wetu. Makusanyo ya hadharani yanataka kibali cha serikali, na sisi hatujawahi kupita na kopo.

21. Nina nguo kuukuu, nilete?

Jiulize kama ungemvisha mwanao Idd. Kama hungemvisha, kata matambara ya kupigia deki. Leso zinahitajika daima, mbili mbili kama kawaida, kwa wazazi wapya na kwa misiba. Dawa zilizobaki nyumbani hatupokei, hata kama hazijafunguliwa.

22. Mwanasiasa au kampuni ikitaka kuwapa kitu?

Mchele hauna chama, lakini gunia lina. Tunapokea kama litahamishiwa kwenye vikapu vyetu, bila picha wala fulana za rangi, na mtoaji asifuatane nasi majumbani. Wengi wakisikia hivyo hubadili nia. Karibu na uchaguzi hatupokei kabisa, na mwanachama anayegombea hujiuzulu kwanza. Kampuni nazo tunaziandikia barua ya shukrani na hesabu ya matumizi. Picha ya sufuria wanaweza kupewa.

## Yale magumu

23. Tuliyempa unga kauuza. Tumkate?

Tuliwahi kumkata mmoja, na hadi leo tunaona haya. Tulipokwenda kuuliza, baadaye, tukakuta aliuza pakiti mbili apate pesa ya mkaa. Unga alikuwa nao, moto hakuwa nao. Sikuhizi tunauliza kabla ya kufunga kikapu: una nini na umekosa nini? Kuna nyumba tunazozipelekea mkaa na sabuni peke yake. Wapo wanaouza kwa ulevi pia, hatukatai. Hapo mzigo hupitia kwa bibi au dada aliye nyumbani.

24. Mtoto amenajisiwa na wazee wanataka maslaha, yaani mambo yamalizwe kwa fidia bila mahakama. Kikundi kinasimama wapi?

Kwa mtoto. Hapa stara tunayoisema haimfuniki mkosaji. Chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 hilo ni kosa la jinai, na mbuzi wala fedha hazilifuti. Mwanachama atakayekaa kwenye kikao cha maslaha kuhusu mtoto atatoka kikundini siku hiyo.

La kufanya ni hospitali kwanza, upesi. Dawa ya kuzuia virusi vya Ukimwi lazima ianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Ya kuzuia mimba isizidi siku tano. Mtoto asiogeshwe kabla ya kuonwa na daktari. Nguo alizovaa zitiwe kwenye mfuko wa karatasi wa khaki, si wa plastiki, maana plastiki huziozesha na ushahidi ukapotea. Kisha polisi, ambako hutolewa bila malipo fomu ya P3, ya daktari kuandika majeraha. Tunao wenzetu waliofundishwa ambao watafuatana nanyi mpaka mwisho. Simu za bure ni 116 kwa mambo ya watoto na 1195 kwa dhuluma za kijinsia, ya mtu mzima pia, ya ndani ya ndoa pia.

25. Mwanangu ni teja. Mnaweza kumchukua?

Kumchukua hatuwezi, mama, hatuna pa kumweka. Tunaweza kukaa nawe, na tunaweza kukufikisha kwenye kliniki ya Kisauni inayotoa methadoni kwa waliozoea heroini. Ni dawa ya kila siku, hunywewa mbele ya mhudumu, kwa hiyo nauli na uvumilivu ndivyo vinavyowashinda wengi katika wiki za kwanza. Mara nyingi msaada wetu ni huo wa nauli, na kumpikia mamake siku ambazo hawezi kuinuka. Usiamini anayekuahidi kumponya kwa siku saba kwa kumfunga mnyororo.

26. Mwenzetu katoboa siri ya nyumba ya mtu. Inakuwaje?

Anaitwa na wakongwe watatu. Ikithibitika, hatumwi tena majumbani, na tunakwenda sisi kumuomba radhi mwenye nyumba bila kumpeleka yeye, asije akajieleza akaharibu zaidi. Anaweza kubaki jikoni. Akirudia, anatoka.

27. Nimechoka, nataka kupumzika. Mtanikasirikia?

Hapana. Mwambie katibu, ukabidhi ufunguo wa ghala na daftari, na nyumba ulizokuwa ukizitembelea uzipitie na mrithi wako angalau mara moja ili wasimwone mgeni. Ukitaka kurudi baada ya mwezi au baada ya miaka mitatu, swali la 5 halikuhusu, njoo moja kwa moja. Na ile sufuria kubwa yenye mpini uliolegea, kama iko kwako, tafadhali irudi. Tunaitafuta tangu Ramadhani.